Rangi Nilizomsomea Fundi Nasoro

Shija na Rehema, na wengine mtakaokalia benchi langu baada yao, mmeniomba niandike kazi yangu tangu siku ya kwanza hadi juzi nilipowakabidhi funguo. Nimeanza mara tatu na mara zote nimekwama mahali palepale, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii niliifanya bila kuelewa nilichokuwa nafanya. Mengine nimekuja kuyaelewa mwaka huu, mengine mpaka sasa sijayaelewa. Kwa hiyo msitafute hekima humu. Chukueni yale ya mikono, ya kichwa mtajitafutia wenyewe.

Mimi sikuanza na redio, nilianza na sindano. Mama yangu na mimi tulidarizi foronya na vitambaa vya meza barazani kwetu, mtaa wa nyuma ya soko hapa Tabora, na baraza yetu ilipakana na duka la kutengeneza redio la Mzee Nasoro. Alikuwa wa zile familia za Kiarabu zilizokaa mjini hapa tangu enzi za misafara. Ndugu zake walikuwa wafanyabiashara, na walisema biashara ilimshinda ndiyo maana akaangukia ufundi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia iliyochakaa ukingo, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Miaka mitatu tulipakana naye na hatukuwahi kuzungumza zaidi ya shikamoo na marahaba.

Asubuhi moja, kama mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, aligonga ukuta uliotutenganisha. Nikaenda. Alikuwa ameshika kati ya vidole viwili kitu kidogo mfano wa punje ya mpunga, chenye pete za rangi. Ndiyo rezista, kipuri cha kupunguza umeme ambacho pete zake ndizo namba zake, ila mimi nilidhani ni shanga.

"Hebu niambie," alisema, "kutoka kushoto, rangi gani na rangi gani?"

"Kahawia, nyeusi, nyekundu."

"Na hii?"

"Njano, zambarau, nyekundu."

"Una hakika ya mwisho si kijani?"

"Mzee, mimi nashona maua na majani. Kijani nakijua."

Akaandika kitu kwenye daftari lenye jalada jeusi, akasema ahsante, nikarudi kwenye foronya zangu. Kesho yake aligonga tena, na kesho kutwa tena. Mwisho wa wiki ya tatu alikuja barazani kwetu amevaa kanzu safi, kama mtu aliyekuja kuposa, akamwambia mama anataka nikafanye naye kazi. Mama aliweka foronya mapajani.

"Mzee Nasoro, mwanamke na umeme wapi na wapi? Mjini hapa hakuna vijana?"

"Vijana wapo, Mama Kulwa. Lakini huyu ana macho na ana vidole."

Nilisikia yote mawili, nikachukua la vidole, kwa kuwa nilivionea fahari vidole vyangu. La macho nililiacha hapohapo barazani, na miaka yote nimekuwa nikilirudia kuliokota.

Siku ya kwanza sikugusa redio. Alinipa mkebe wa maziwa ya unga uliojaa rezista zilizochomolewa kwenye redio mbovu, akaniambia nizitunge kwenye uzi, kila rangi na wenzake, kama anayetunga shanga. Siku nzima nilitunga. Jioni nyuzi zote zilining'inia kwenye misumari ukutani, na kila msumari akauwekea namba. Nilijua ananichezea. Kumbe ndiyo ilikuwa ghala yetu, kwa sababu miaka ile vipuri havikuagizwa, vilichomolewa kwenye maiti ya redio moja vikaingia kwenye nyingine. Hadi leo mnaona nyuzi zangu ukutani na mnazicheka. Zichekeni tu, lakini mtu akitaka rezista ya kahawia nyeusi njano naipata kabla ninyi hamjafungua droo.

Siku ya pili alinifundisha mkono. Kitu chenye valvu, zile taa za kioo, kina umeme mkali unaobaki ndani hata ukishachomoa waya ukutani, kwa hiyo mkono mmoja ufanye kazi na mwingine uwe mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Mimi sikuwa na mfuko. Nilivaa gauni na kanga. Alifikiri, akaniambia, "Basi shika fundo la kanga kiunoni, na usiliachie mpaka nikwambie." Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote, mkono wa kushoto umeshika fundo la kanga. Wateja wapya walidhani naumwa tumbo.

Yaliyonichanganya yalianza mapema. Kila rezista, kila waya, Fundi Nasoro aliniambia, "Soma rangi." Nilisoma. Aliandika kwenye daftari jeusi, kisha akagusa rezista ileile kwa mita, akaandika tena safu ya pili. Mwezi wa kwanza niliona ni haki yake kunipima. Mwezi wa sita nilianza kuudhika. Siku moja nikamuuliza, "Fundi, kwani wewe mwenyewe huioni?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Nataka nijue kama wewe unaona." Nilisoma.

Kulikuwa na mambo mengine. Bi Zuwena, mkewe, alimgombeza dukani kwa nyanya mbichi alizonunua sokoni, na haikuwa mara moja. Nilipokwenda Nzega kumzika shangazi nikakaa siku nne, nilirudi nikakuta redio saba kwenye rafu, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilimwona mvivu, nikalisema hilo kwa mama, mama akasema wanaume wenye mke mzuri huwa hivyo. Nikaridhika na jibu hilo, ingawa sikuona linahusiana vipi na redio.

Nilikuwa na miaka kama mitatu kwenye benchi ilipoletwa amplifaya ya Asali Jazz.

Asali Jazz walikuwa watu saba, na gitaa lao moja la umeme lilipigwa na Hamisi. Mchana alikuwa karani wa ghala la tumbaku, jioni alikuwa mtu mwingine. Vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa vya mkoa, chini ya Afisa Utamaduni, nao walivitumia kwa ahadi ya kupiga kwenye sherehe za serikali na za vijiji. Amplifaya ilikuwa sanduku zito la mbao, limefunikwa kitambaa cha kahawia kilichochanika, lililobaki kutoka klabu ya wazungu wa zamani. Hamisi alilileta kwenye mkokoteni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Inanipiga," alisema. "Nikigusa nyuzi za gitaa inanipiga mikono, nikisogea maikrofoni inanipiga mdomo. Juzi nimeangusha gitaa mbele ya watu. Na Afisa Utamaduni amesema Jumamosi ya wiki ijayo tunapiga kwenye uzinduzi wa kijiji kipya cha ujamaa, kule mbele ya Itetemia. Tukishindwa, vyombo vyote vinakwenda Nzega, kuna kikundi kule kinavitaka."

"Vyote?" aliuliza Fundi Nasoro.

"Hadi ngoma, mzee. Miaka sita tumekuwa pamoja. Wakichukua hivi, sisi ni watu saba tunaokaa barazani tu."

Tulifungua sanduku. Mnaofanya kazi za siku hizi hamjaona kitu hiki, kwa hiyo nieleze. Ndani hakukuwa na bodi. Kulikuwa na bati lililopinda, valvu zimesimama juu yake, na chini yake nyaya zinakwenda huku na huku kutoka mguu mmoja wa chuma hadi mwingine, kila moja imelehemewa kwa mkono. Nyaya hizo zilivishwa mpira, na joto la valvu la miaka mingi lilikuwa limeukausha. Fundi Nasoro aliugusa mmoja kwa ncha ya kibano, ganda likapukutika kama la karanga iliyokaangwa. Shaba ilibaki uchi. Palepale tulijua kwa nini Hamisi alikuwa anapigwa, umeme mkali ulikuwa unagusa bati.

"Nyaya zote zitoke," alisema Fundi Nasoro. "Moja ikibaki, itamuua mtu."

Waya mpya ilikuwa kazi ya Hamisi. Alizunguka na barua ya Afisa Utamaduni siku mbili, akarudi na bunda moja la waya ya kijivu. Rangi nyingine hakuna. Nilisikitika, kwa sababu mtu akitandika nyaya za rangi mbalimbali kazi inasomeka. Fundi Nasoro aliligeuza bunda mkononi akatabasamu, akasema kijivu ni rangi nzuri sana. Hilo nalo sikulielewa.

Siku hiyohiyo nikapata habari kwamba kaka yangu mkubwa, aliyekuwa anaishi hukohuko Nzega, ameanguka kutoka juu ya paa. Nikaondoka. Alikuwa amevunjika mguu tu, lakini nilikaa siku tatu. Niliporudi siku ya Jumatano nilikuta duka limefungwa na Bi Zuwena akinisubiri na funguo.

"Fundi wako yuko kitandani," alisema. "Homa imempiga tangu jana. Amesema umalizie."

Ndani, amplifaya ililala kifudifudi juu ya benchi. Fundi Nasoro alikuwa ameanza peke yake, maana siku zilikuwa zinakwisha. Alikuwa amekata nyaya tisa za zamani na kuzitupa, hajaweka hata moja mpya. Mahali kila ncha ya waya ilipokuwa, kwenye shingo ya kila mguu, alikuwa amefunga kipande cha uzi kama alama. Nyuzi zilikuwa zangu, masalio kutoka kwenye kikapu changu cha kudarizia nilichokiacha chini ya benchi. Waya tisa, ncha kumi na nane, vipande kumi na nane. Mchoro haukuwapo. Fundi Nasoro hakuwa mtu wa kuchora, ramani aliibeba kichwani, na kichwa kilikuwa nyumbani kwake kinaweweseka.

Nilikaa kwenye kigoda nikaziangalia zile nyuzi. Kwa mdarizi jambo lilikuwa wazi, nyekundu inakwenda kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Nikahesabu. Nyekundu zilikuwa tatu. Kijani zilikuwa tano. Kahawia nne, buluu mbili, njano nne. Nyekundu tatu zinaunganaje mbili mbili? Nilihesabu upya nikidhani nimekosea. Nikatafuta sakafuni kama kuna uzi umeanguka. Nikafikiri labda nyekundu ya tatu na kijani ya tano ni waya mmoja maalumu, na fundi wangu ameweka rangi mbili kwa makusudi ili niuone. Jinsi nilivyomheshimu, ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba ana akili nisiyoifikia kuliko kuamini kwamba amekosea. Rangi zilizokuwa na vipande zaidi ya viwili nilivioanisha kwa ukaribu. Alhamisi nzima nililehemu, mkono wa kushoto kwenye fundo la kanga ingawa umeme haukuwamo, kwa mazoea na kwa woga.

Bahati yangu ni moja, sikuzikata zile nyuzi. Kwenye ushonaji nilizoea kutotoa uzi wa bandi, ule wa kushikizia kwa muda, mpaka nguo ijaribiwe mwilini. Nikaziacha.

Ijumaa asubuhi nilifanya jaribio. Shikeni hili, linafaa hadi leo: kitu kilichofumuliwa nyaya hakichomekwi moja kwa moja ukutani. Kwenye njia ya umeme unaweka globu. Kila kitu kikiwa sawa, globu itawaka kidogo, kisha itafifia. Ikiwaka yote, mahali fulani ndani umeme umepata njia ya mkato, na globu ndiyo imekuokolea transfoma. Nikachomeka. Globu iliwaka yote, nyeupe kabisa, ikaangaza kuta. Nikachomoa. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, nasema kweli, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumamosi na Hamisi alikuwa ameshapita mara mbili kuchungulia dirishani.

Kisha nikajifunga kanga vizuri, nikakata vipande viwili vya uzi kwenye kikapu, chekundu na cha kijani, kwa ajili ya mfano, nikaenda Gongoni nyumbani kwa fundi.

Alikuwa amelala chumba cha mbele, dirisha wazi, shuka hadi kidevuni. Homa ilikuwa imeshuka lakini macho yalikuwa yameingia ndani. Bi Zuwena alikuwa anakoroga uji kwenye bakuli kando ya kitanda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imewaka?"

"Globu imewaka yote."

Alifumba macho. "Umeunganisha nini na nini?"

"Nimefuata alama zako. Nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Ila hesabu haikukaa, nyekundu zilikuwa tatu."

"Nani kakwambia ufuate rangi?"

"Sasa nifuate nini, fundi?"

"Mafundo. Hukuyaona mafundo? Lenye moja kwa lenye moja, lenye mawili kwa lenye mawili, mpaka tisa. Mtoto mdogo angeona."

Niliyaona. Nilikuwa nimeyaona siku mbili nzima. Lakini kwa mdarizi fundo ni la kuzuia uzi usiteleze, hakuna anayelisoma. Mtu anapewa kikapu chenye rangi tano, anaziacha rangi, anakaa anafunga mafundo tisa mahali ambapo hata kidole hakiingii. Nilisimama pale nikijaribu kupata sababu. Nyanya mbichi zikanijia kichwani. Redio saba zikanijia. Nikavitoa vile vipande viwili nikaviweka juu ya shuka, karibu na mkono wake.

"Fundi, nipe chekundu."

Aliviangalia muda mrefu. Akaviinua kuelekea dirishani. Akavitazama tena, kimoja kimoja, kwa makini yaleyale aliyotazamia redio, kisha akanipa cha kijani.

Bi Zuwena aliweka bakuli chini akatoka nje.

"Tangu kuzaliwa," alisema Fundi Nasoro. "Nyekundu na kijani na kahawia kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Sijawahi kuwajua nani ni nani."

"Na redio zote zile kabla yangu?"

"Mita. Rezista moja moja. Na huyu mama aliyetoka, akileta chakula dukani namuuliza rangi kwa ujanja. Watu wa mjini wakijua, Kulwa, nani ataleta redio yake kwa fundi asiyeona rangi? Ndugu zangu wamesubiri miaka mingi wapate la kusema."

Nilipaswa kumhurumia, na baadaye nilimhurumia. Wakati ule nilikasirika hadi masikio yakaniwaka. Miaka mitatu "soma rangi, soma rangi", na mimi najiona mwanafunzi anayepimwa.

"Kwa hiyo ulinichukua kwa sababu ya macho," nilisema. "Si vidole."

Alivuta shuka. "Kamalize amplifaya kwanza. Hamisi anangoja."

Hakujibu zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine.

Nilirudi nikafumua kazi ya siku nzima. Nikahesabu mafundo kwa ncha ya sindano, kwa kuwa macho peke yake hayakutosha. Moja na moja, mawili na mawili. Yalikuwa yamefungwa vizuri sana, kwa mtu ambaye hakufundishwa. Lakini chuma changu cha kulehemia kilikuwa kimeunguza nyuzi mbili hadi majivu. Zilibaki ncha nne: moja yenye mafundo sita, moja yenye manane, na mbili zisizo na kitu. Yenye sita inakwenda kwa ipi? Gongoni kurudi tena sikutaka, hasira ilikuwa bado inaniwasha. Nikafuata njia kwa mita. Mguu mmoja uliokosa alama ulikwenda kwenye kapasita kubwa, ile inayohifadhi umeme, basi huo ni wa umeme mkali. Ule wenye manane ulitoka upande wa transfoma, basi hawa wawili ni wenza. Mwingine ulikwenda kwenye swichi ya sauti, huo ni wa sita. Nayaandika haya kwa urahisi sasa, lakini siku ile ilinichukua hadi alasiri, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuunganisha kitu ambacho hakuna mtu aliyeniambia kiende wapi.

Nyaya zote zilizobaki za zamani nikazitoa moja moja, nikitoa moja naweka moja. Za kijivu nikazifunga pamoja kwa uzi wa kudarizia, mshono wa mnyororo, ili zisichezecheze. Nikachomeka. Globu iliwaka. Niliikazia macho. Ikafifia, ikafifia zaidi, ikabaki wekundu mwembamba wa kaa la moto, na valvu ndani zikaanza kuwaka pole pole. Hamisi alikuwa dirishani. Alishika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili.

Jumamosi kule kijijini watu walikuwa wengi. Wazee wa Kinyamwezi walikuwa wanapeana mwangaluka, salamu yao ya asubuhi, kila upande, jenereta ya wilaya inanguruma nyuma ya ofisi mpya, na Afisa Utamaduni amekaa mbele na miwani yake. Amplifaya iliwashwa. Hamisi alisimama na gitaa begani na hakuligusa. Alinyoosha vidole, akavirudisha. Wenzake sita wakamtazama. Afisa Utamaduni akatazama saa.

Nilipanda jukwaani. Nikavua ndala nikashuka upande wa pili nikasimama pekupeku kwenye udongo, jinsi fundi anavyokatazwa kusimama, maana umeme hupenda kushukia ardhini. Mkono wa kushoto nikaushika kwenye fundo la kanga. Nikamwita Hamisi asogee ukingoni, wa kulia nikauweka bapa juu ya nyuzi zote sita za gitaa, nikaacha hapo. Nyuzi zilitoa mlio mbaya, watu wakacheka. Sikupigwa na chochote. Nilikuwa naogopa sana, na hilo sijamwambia mtu hadi leo.

Hamisi alicheka kwanza, ndipo akapiga. Sitawaeleza alivyopiga, mimi si mtu wa muziki. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mngurumo, na haukuwapo. Wimbo wa tatu ulipokwisha Afisa Utamaduni alimwambia karani wake, kwa sauti ya kusikika, "Basi wa Nzega watafutiwe vyao."

Fundi Nasoro alikuja amebebwa nyuma ya baiskeli ya jirani, amevaa sweta jua likiwaka. Mtu mmoja, mteja wetu, alimpa mkono. "Mzee Nasoro, umeifufua." Fundi akamjibu, "Mimi nilikuwa kitandani. Fundi ni yule pale." Akanionyesha kwa kidevu. Kabla ya siku ile alikuwa akiniita binti au Kulwa.

Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja miaka mingine kumi na minne. Mbele ya wateja aliendelea kusema "Soma rangi", mimi nikaendelea kusoma kama mwanafunzi, na yeye akaendelea kuandika kwenye daftari jeusi. Siri yake niliitunza. Benchi langu nililihamishia upande wa barabarani kwenye mwanga, nikampa mgongo, kila mtu na kazi yake. Valvu zikaondoka, transista zikaja, kisha kaseti. Yeye alifariki, duka nikaendelea nalo, televisheni zikaja, na hayo yaliyofuata mengi mnayajua kwa kuwa mlikuwapo. Lakini lile swali liliniudhi miaka yote. Kila mtu aliposema nina mikono mizuri nilijiuliza kama nimekuwa fundi, au nimekuwa miwani ya mtu.

Mwaka huu mjukuu wa Bi Zuwena alibomoa chumba cha uani akaniletea sanduku. Ndani mlikuwa na mita ya mzee na lile daftari jeusi. Nilimwomba Rehema anisaidie kulisoma, mnakumbuka, nikasema ni maandishi madogo. Kila ukurasa una safu mbili. Ya kwanza ni nilichosoma mimi, ya pili ni kilichosemwa na mita. Miaka mitatu ya kwanza zinakwenda sambamba, ukurasa kwa ukurasa, hakuacha hata rezista moja. Kisha kuna mstari ulioandikwa "Asali Jazz". Chini yake safu ya kwanza inaendelea hadi mwisho wa daftari. Safu ya pili ni tupu.

Nilifikiri labda mita iliishiwa betri, maana miaka ile betri zilikuwa adimu kuliko sukari. Nikaifungua kifuniko kwa kugusagusa. Betri ilikuwamo, imevuja chumvi yake yote mahali pake. Alikuwa nayo, hakuitumia. Nilikaa na ile mita mapajani nikalia tena, mara ya pili kwa ajili ya amplifaya ileile, na nisingeweza kuwaambia nalia nini. Ndipo nikaamua kuandika.

Sasa la mwisho. Shija, uliniuliza siku ya kuagana kwa nini nilikuwa mkali hivyo, fundi mzima unasomeshwa rangi kama mtoto wa chekechea. Nikakujibu nataka nijue kama unaona. Daktari wa macho aliniambia mapema kuliko ninyi mnavyodhani, ni mtoto wa jicho, yote mawili, kila kitu kimekuwa rangi ya chai. Miaka miwili ya mwisho nilipowaambia "Soma rangi", sikuwa nawapima. Nilikuwa sioni. Na mita sikuigusa hata mara moja.